Dinosaria wa Vidole Vinne wa Nagongera

Mmeniuliza watu saba, na Mwadime ameniuliza mara mbili, kwa hiyo maswali ni manane: ilikuwaje kule Uganda, na mbona niliondoka na dinosaria mmoja nikarudi na mwingine. Kumweleza kila mtu peke yake kunanimaliza mate. Nimeandika. Someni kwa zamu, na atakayedondoshea chai karatasi hii atainakili upya.

Mnajua kazi yangu ni viatu vya mtumba hapa sokoni Voi. Viatu vinalisha nyumba, dinosaria wanainyonya. Ugonjwa ulianza siku niliyofungua robota la vitu vya watoto nikakuta mnyama wa plastiki mwenye pembe tatu, tumbo la njano, amelala katikati ya nguo za wanasesere kama mzee aliyekosea mlango wa msalani. Baadaye nikajua kwamba wenzake wote duniani wana tumbo jeupe. Kiwandani walikuwa wameishiwa rangi mchana mmoja, wakapaka iliyokuwepo. Kosa la mchana mmoja, miaka mingi iliyopita, na leo watu wazima wenye wake na madeni wanalitafuta kosa hilo kama dawa. Mimi ni mmoja wao.

Ila kosa kubwa kuliko yote ni la Shingo-ndefu, yule wa kijani, urefu wa gunzi la mahindi. Wa kawaida ana vidole vitatu kila mguu. Jumla kumi na viwili. Masanduku machache ya mwanzo yalitoka na kidole cha nne kwenye mguu wa nyuma wa kulia, kwa sababu fundi aliyechonga kalibu hakuhesabu mara mbili. Kiwanda kikagundua, kikachonga upya. Rangi ni ile ile, uzito ule ule. Humjui mpaka umhesabu. Nimemtafuta miaka tisa.

Basi Shabani, dereva wa trela mnayemjua, akanitumia picha aliyoipiga wiki iliyotangulia kule Nagongera, wilaya ya Tororo, alikokuwa amepeleka saruji. Fundi cherehani mmoja, mwanamke, alikuwa ameketi kibandani, na juu ya kitambaa chake, kukizuia kisipeperuke, alisimama Shingo-ndefu. Nikaikuza picha. Mguu wa nyuma wa kulia: vinne. Nikahesabu tena. Vinne.

Kosa lililofuata ni langu. Nilijionyesha. Niliituma ile picha kwenye kundi letu la simu la wakusanyaji, na daktari mmoja wa meno wa Kampala akajibu chini ya dakika moja: "Nagongera siyo mbali na mimi. Naenda Jumamosi." Ilikuwa Jumapili. Jumatatu asubuhi nikawa ndani ya trela la Shabani.

Voi hadi Busia: siku tatu na vigae

Trela lilibeba vigae vya sakafu, na dereva aliyebeba vigae huendesha kama anayembeba mama mkwe. Nilipolalamika Shabani akasema, "Kaka, nikivunja vigae nalipa mimi. Nikikuvunja wewe, ndugu zako watasema ilikuwa kazi ya Mungu."

Mimi nilikuwa nimempakata Tumbo-njano. Sikwenda naye kumuuza. Nilimchukua kama kipimo, maana siku hizi kuna bandia: bandia ni mwepesi, na ukimnusa ananuka ndala mpya. Nikikutana na mnyama mgeni namnusa, namnusa Tumbo-njano, napima wote wawili kwa ile mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki. Nilimfunga kwenye blanketi ya mtoto, ile ya kitindamimba wetu, ambayo mke wangu Mkanjala alidhani imepotea. Mkanjala, ukisoma hapa, blanketi iko salama.

Tulikula chapati na madondo, yale maharagwe ya barabarani, mara sita. Kwa nini sita? Kwa sababu Shabani ana hoteli zake barabarani, na katika kila hoteli mama mwenye hoteli anamwita "mume wangu" na kumwekea chapati ya ziada. Mimi hakuna aliyeniita mume wake. Nililipa bei kamili mara sita.

Jumatano asubuhi tukafika Busia, yaani tukafika nyuma ya foleni ya Busia. Nikashuka, nikaenda mbele nikihesabu malori: mia moja arobaini na mawili. Nikarudi nikiyahesabu upya: mia moja arobaini na matatu. Moja lilipenyezwa nikiwa nahesabu.

"Shabani, hii ni siku ngapi?"

"Ikienda vizuri, mbili. Isipoenda vizuri, utazoea."

Nikamwachia vigae vyake, nikaenda kwa miguu.

Busia, upande huu na upande ule

Upande wa Kenya nilinunua leso. Huwezi kumwendea mwanamke usiyemjua kutaka mali yake, mikono mitupu. Nikamwambia mwenye duka nataka kipande kimoja.

"Mzee, leso ni doti. Haiuzwi nusu, siyo mkate."

Tukavutana mpaka akachoka, akaniuzia doti nzima kwa bei ya kunifukuza. Nikaomba mkasi, nikaitenganisha palepale: kipande kimoja cha fundi, kingine cha Mkanjala. Zawadi mbili kwa bei ya moja na ushee. Nilijipongeza hadi mpakani.

Habari za makaratasi nawaruka, hazina utamu. Lakini kwenye mstari nyuma yangu alisimama mama mmoja mwenye karai la omena, dagaa wa ziwani, kichwani, na jua lilikuwa limepamba moto. Aliangalia blanketi kifuani mwangu, akaangalia tena, uso ukambadilika.

"Baba! Wewe baba! Fungua mtoto apumue! Jua hii yote na umemfunga kama mzigo ya magendo!"

"Mama, huyu hana shida."

"Hana shida? Hata halii! Mtoto hailii kwa jua hii iko na shida! Watu, angalieni hii mwanaume!"

Watu wakaangalia. Mstari mzima ukageuka. Nikaona aibu ni mbili, na ya kufungua ndiyo ndogo. Nikafungua. Pembe tatu zikachomoza.

Mama akachungulia. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika nchi zote mbili, "Ah. Basi. Amefanana na baba yake."

Nilivuka nikisindikizwa na vicheko hadi upande wa pili, ambapo mwendesha pikipiki mmoja aliyekuwa ameona yote alikuwa ananisubiri na kofia ya pili mkononi. Mtu wa makamo, Msamia, meno ya mbele yana mwanya, anaitwa Ojambo. Alitaja bei ya Nagongera. Nikacheka. Nikataja yangu. Akacheka yeye. Nikaanza kuondoka, nikihesabu hatua. Mtu akikuacha utembee hatua ishirini, bei yake ni ya kweli. Hatua ya kumi na saba akaita.

"Mzee! Kuja! Mimi napeleka wewe. Lakini huyo mtoto analipa yake."

Busia hadi Tororo, na kenge

Ojambo anaendesha kwa mdomo. Alinieleza habari za mabinti zake wanne, mjukuu wake, na goti lake, na kila alipofika penye utamu aligeuka kuniangalia, na kila alipogeuka pikipiki nayo ilitaka kusikiliza. Mwamba wa Tororo ulipotokea mbele nilijua tunakaribia. Aliponionyesha vilima vya Osukuru, "ile yote ni mbolea, mzee, Mungu alimwaga," gurudumu la nyuma likatoka pumzi.

Pancha ilichukua saa mbili. Saa ya kwanza ilikuwa ya kumtafuta fundi, ya pili ilikuwa ya fundi kutafuta kiraka. Nilikula chapati iliyoviringishwa na mayai, ile wanayoita roleksi, na lazima niseme ukweli hata kama unaniumiza: wanatushinda. Nikala ya pili kuhakikisha.

Wakati huo Ojambo alikuwa anatangaza. "Huyu mzee ametoka Kenya mbali, karibu na bahari. Anatafuta dinosaria! Analipa!" Watu wakasogea. Wakauliza anakula nini. Ojambo, asiyejua, akajibu, "Majani."

Nusu saa baadaye akatokea jamaa mmoja akivuta kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na kenge, mzima, mwenye hasira, ulimi nje.

"Mzee, hii ndiyo dinosaria yenyewe. Iko na damu. Ile yako ya plastiki itakusaidia nini?"

Nikamweleza kwamba sitaki kenge. Akataja bei. Sijui nini kilinipata, ni mazoea. Nikamwambia mkia una kovu. Akashusha. Nikamwambia hata kucha moja haipo, na kweli haikuwepo, nilikuwa nimezihesabu. Akashusha tena. Nilikuwa nimemfikisha nusu, tena na kamba juu, ndipo nikakumbuka kwamba kenge simhitaji. Jamaa alinitukana kwa lugha ambayo Ojambo alikataa kunitafsiria. Tulilala Tororo.

Nagongera: vitatu

Alhamisi asubuhi nikasimama mbele ya kibanda cha ile picha. Fundi alikuwa palepale, mwanamke mnene kidogo wa miaka hamsini hivi, futi ya kupimia shingoni, anakata kola za sare za shule. Na juu ya kitambaa, kijani, shingo ndefu, mgeni wangu wa miaka tisa.

Sikumwangalia. Ndiyo kanuni ya kwanza: kitu unachokitaka, usikiangalie. Nilisalimu, nikajitambulisha, nikatoa kipande cha leso. Alikipokea kwa mikono miwili, akafurahi, akasema jina lake ni Apio. Ndipo nikamnyanyua dinosaria kwa uvivu kama mtu anayenyanyua kopo, nikapitisha kidole gumba mguu wa nyuma wa kulia.

Vitatu.

Nikapitisha tena. Vitatu. Nikaona labda nimechanganya kulia na kushoto kwa njaa. Nikahesabu yote: kumi na viwili. Kila mguu ulikuwa timamu kama wa askari. Nikamnusa: halisi. Halisi, na wa kawaida, ambaye nyumbani ninao watatu.

"Mzee," Apio akasema, "mbona umekuwa kama mtu amepigiwa simu ya msiba?"

Ojambo akatoa simu yangu mfukoni mwangu mwenyewe, akamwonyesha ile picha. Apio akaangalia, akatabasamu.

"Ah, hii siyo hii. Hii ni ile ya Adongo."

"Adongo ni nani?"

"Pacha yangu. Mimi nilitoka kwanza, yeye nyuma. Yeye anakaa Kirewa. Ziko mbili, hizi watu. Siku ya soko yeye nakuja na yake, mimi napatia yeye yangu, ananipatia yake. Soko ingine tunarudisha. Hii wiki ile iko kwake."

Nikauliza kwa nini wanabadilishana. Akasema ni mambo ya nyumbani tu. Nikauliza kama wanauza. Akasema hilo lazima Adongo awepo. Kisha akaitazama leso yake, halafu akanitazama, na furaha ikapungua usoni.

"Mzee, umenipatia mimi. Na Adongo?"

Ojambo akaninong'oneza nyuma ya sikio: ukimpa pacha mmoja, ukamnyima mwingine, umetafuta maneno. Kitu cha pacha ni viwili, sawasawa, hata kama ni pipi. Nikafungua mfuko nikatoa kipande cha Mkanjala. Ua lile lile, rangi ile ile, ukingo wa mkasi ule ule.

Apio alipiga makofi. "Eh! Huyu Mkenya anajua! Alileta moja akaigawa katikati, kama sisi!"

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Ubahili wangu haujawahi kusifiwa vile, wala sidhani utasifiwa tena.

Alinilisha kabla sijaondoka. Ugali wa wimbi na muhogo, wa kahawia, mzito, na kunde zilizoungwa kwa karanga. Nilikula mabonge kumi na mawili. Nimeandika idadi kwa sababu ilinigeukia.

Kirewa: vinne

Adongo ni Apio yule yule aliyekaushwa juani: sura moja, kilo chache, maneno machache. Alikuwa anamenya muhogo nje ya nyumba. Alipokea leso, akaukagua uzi wa ukingo, akaridhika. Kisha akauliza swali la kwanza.

"Kwa Apio ulikula?"

"Nilikula, mama, nimeshiba kabisa, asante."

"Ulikula ngapi?"

Nikadhani ni utani. Ojambo, msaliti, akajibu, "Kumi na mbili. Alikuwa anahesabu kwa mdomo."

Adongo akaweka kisu chini, akaingia jikoni. Ugali ulipotoka ulikuwa mlima wenye mvuke. Nilifika bonge la tisa nikaona nyota. La kumi nilimeza kwa imani. Adongo alikaa mbele yangu akihesabu kwa midomo, na la kumi na mbili liliposhuka akasema, "Sasa mimi na Apio tuko sawa. Unataka nini?"

Nikasema nimesikia ana kijidudu cha plastiki. Akaniletea, kimefungwa kwenye kitambaa safi.

Wenzangu, siwezi kueleza. Miaka tisa. Kidole gumba kilitelemka mguu wa nyuma wa kulia: kimoja, viwili, vitatu, na pale pembeni, kidogo, kama kimechelewa, cha nne. Nilirudi mwanzo. Vinne. Nikamnusa. Nikamning'iniza kwenye mizani. Moyo ulikuwa unapiga kama cherehani ya Apio, lakini uso niliushika: uso wa mtu anayenunua soli.

"Si kibaya," nikasema. "Kimechakaa. Naweza kukichukua hiki nikuondolee vumbi."

"Kimoja?"

"Kimoja kinatosha."

Akakifunga tena kwenye kitambaa. "Hata yule daktari alitaka kimoja."

"Daktari gani?"

"Wa meno. Kutoka Kampala. Alikuja jana. Alikuwa na pesa nyingi kwa bahasha. Akataka hii moja tu. Apio akampatia chai, mimi nikampatia chai, akarudi."

Alikuwa ameliambia kundi zima Jumamosi, akaja Jumatano. Nilimheshimu zaidi kuanzia hapo.

"Basi nitachukua wote wawili," nikasema haraka. "Bei moja, sawasawa, kila mtu na yake."

Adongo akarudi kwenye muhogo wake. "Kesho ni soko," akasema. "Tutaongea tukiwa wawili."

Soko la Nagongera

Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu ishirini na nne, zote zikiwa tumboni.

Ijumaa, kibandani kwa Apio, wakaweka dinosaria wote wawili juu ya meza ya kukatia. Soko limejaa, kuku wanalia, mihogo imerundikwa, na Ojambo ameketi juu ya pikipiki kama mtazamaji aliyelipa kiingilio. Nikatoa hotuba niliyoitunga njia nzima: kwamba hawa ni plastiki kuukuu, kwamba wote ni sawa tu, sioni tofauti, ila kwa heshima ya pacha nitawachukua wote kwa bei moja. Huku nikiongea niliwanyanyua kuwakagua, mmoja kisha mwingine, nikawarudisha. Nikataja bei. Ilikuwa bei nzuri. Sikuwa nimewahi kutaja bei nzuri mara ya kwanza.

Apio na Adongo wakaangaliana.

"Mzee," Apio akasema taratibu, "yangu umehesabu vidole mara moja."

"Yangu," Adongo akasema, "mara mbili."

Ojambo akapiga tangi la pikipiki kwa kiganja. "Kwisha!"

Nimefanya biashara miaka thelathini. Nimewashinda wauza viatu wa Gikomba. Nimeangushwa na kidole gumba changu mwenyewe.

"Mnajua?" nikauliza.

"Tangu tukiwa wadogo," Adongo akasema. "Baba alikuwa anafanya kazi ya reli. Mshahara ikatoka, akaenda duka ya Tororo, akanunua mbili, sawasawa, ili hakuna mtu analia. Akafika nyumbani. Apio akahesabu."

"Mimi nilipata tatu," Apio akasema. "Yeye nne. Nililia siku tatu. Nikamuuma."

Adongo akakunja mkono wa blauzi. Alama iko.

"Bibi akasema: mkikutana, mnabadilisha. Wa nne analala kwa huyu, soko ingine analala kwa yule. Mpaka mmoja akufe."

"Na hamjawahi kuruka?"

"Siku ya kuzaa," Apio akasema. "Mimi watano, yeye watano."

"Na korona?"

"Walifunga barabara. Tulikutana kwa shamba ya muhogo katikati. Tukabadilisha, tukakimbia."

Nikapandisha bei. Nikapandisha tena. Nilikuwa nauza viatu vya mwezi ujao kichwani. Nikasema kwa pesa hizo kila mmoja angenunua cherehani mpya, mbuzi, chochote, viwili viwili. Na hapo Adongo akasema neno ambalo nimelibeba kutoka Nagongera hadi Voi.

"Mzee, tukikuuzia hicho kidole, mimi nitakuja huku kila soko kufanya nini?"

"Kumwona dada yako. Mnapendana."

Wakacheka wote wawili kwa wakati mmoja, cheko moja lenye midomo miwili.

"Nani amekwambia?" Apio akasema. "Huyu anakoroma, ana mdomo, alinichukulia sufuria. Sisi hatupendani. Tuko na zamu."

Basi. Nikafunga mfuko. Nilikuwa nimekosa, na ukikosa kwa bei unasema bei ilikuwa mbaya, lakini hapa hata bei ya kulaumu haikuwepo. Nikamtoa Tumbo-njano kwenye blanketi ili nipange vitu vizuri, nikamweka mezani kidogo tu. Upepo ukapita. Shingo-ndefu wote wawili wakaanguka, kola za sare zikaruka hadi kwenye mihogo ya jirani. Kola iliyokuwa chini ya Tumbo-njano haikusogea.

Apio akamwangalia. Akamnyanyua. "Hii ni mzito." Akachukua kibiringo cha uzi, akakivisha kwenye pembe ya kwanza. Kikakaa. Akavisha cha pili. Cha tatu. Akasimama nyuma kuangalia kazi yake. Mnyama wangu, ambaye sijawahi kumweka hata kwenye jua la dirishani, alikuwa amevaa nyuzi nyeupe, bluu na nyekundu.

Wakaongea Kidhopadhola, lugha ya kwao, haraka, wakinitupia macho. Kisha Adongo akauliza, "Mzee una miaka ngapi?"

"Hamsini na sita."

"Hakuna neno. Pacha ni wawili. Lakini mtoto anayezaliwa nyuma ya pacha naye ana jina yake, anaitwa Okello. Sisi mama yetu hakupata. Wewe utakuwa Okello. Okello naye ana zamu."

"Hongera, mtoto!" Ojambo akapiga kelele. "Umezaliwa na mvi!"

Masharti nilijaribu kuyapunguza, ndivyo nilivyoumbwa. Walianza kwa soko mbili. Nikaomba kumi. Tukafika nne: vidole vinne, soko nne. Mimi naondoka na wa vidole vinne, wao wanabaki na wa vitatu na Tumbo-njano, wakibadilishana hao. Soko la nne narudi mwenyewe, simtumi mtu, na tunabadilisha. Apio akaninyoshea kidole cha sindano: "Na usilete maneno ya foleni."

Voi

Nilipofika Busia, Shabani alikuwa bado nyuma ya malori thelathini na moja; nikamsubiri avuke, ashushe vigae, arudi. Mama wa omena sikumwona, kwa bahati. Simu ikalia: daktari wa meno. Alikuwa amesikia, sijui kwa nani, namshuku Ojambo. Alitaja kiasi ambacho kingenifungulia duka la pili. Akaongeza kwamba mpaka nimeshavuka, na wale akina mama hawajui hata nyumba yangu iko wapi. Nikamwambia nitafikiria. Nikafikiria hadi Mtito Andei, na tulifika upesi, maana vigae havikuwepo tena na Shabani alikuwa anaendesha kama mtu.

Sasa yuko rafuni, mahali pa Tumbo-njano. Namhesabu asubuhi, namhesabu jioni. Vinne. Ila nimegundua kwamba baada ya kuhesabu vidole nahesabu masoko. Limepita moja.

Mwadime, swali lako la pili, lile ulilouliza kwa kunong'ona, kwamba kwa nini nisibaki naye tu. Jibu ni kwamba Tumbo-njano yuko kwao. Hilo linatosha kwa mtu mfanyabiashara. Kuna jibu lingine, lakini linahusu Ijumaa moja ya soko, Adongo anatoka Kirewa na wake, Apio yuko kibandani na wake, na kiti cha tatu hakina mtu. Hilo sitalijibu.

Mkanjala aliuliza leso yake iko wapi. Nikamweleza yote, pamoja na blanketi. Akaniuliza ni mke wa nani hupelekewa nusu leso, tena ile nusu ikaishia Kirewa.

Jana nimekwenda dukani kujiandaa na safari. Doti moja ya Apio, doti moja ya Adongo, doti moja ya Mkanjala. Hazikukatwa. Nimezihesabu mara mbili mbele ya mwenye duka, nikitumaini zitapungua. Ni tatu.